Mgonjwa yu macho, fuvu li wazi

Wiki hii tuzungumze juu ya jambo ambalo likitajwa barazani watu hushika vichwa vyao wenyewe. Yupo mgonjwa amelazwa juu ya meza ya upasuaji. Fuvu lake limefunguliwa kipande cha ukubwa wa kiganja, ubongo unaonekana ukidunda kwa kila pigo la moyo, na mgonjwa huyo huyo anahesabu moja, mbili, tatu, anaitikia salamu, anaulizwa jina la mjukuu wake naye analitaja. Hiyo si hadithi ya Abunuwasi, wala si mazingaombwe. Ni upasuaji wa ubongo mgonjwa akiwa macho, nao umefanywa katika hospitali kubwa za dunia kwa miaka mingi.

Swali la kwanza la kila mtu ni moja: je, hasikii maumivu? Hilo tutalijibu. Lakini liko swali la pili ambalo watu hawaliulizi, na ndilo lililonileta mbele yenu. Ikiwa mgonjwa yu macho, yule mtaalamu wa usingizi ana kazi gani pale? Si angekunja vifaa vyake akaenda zake nyumbani?

La hasha. Siku hiyo ndiyo siku yake ngumu kuliko zote. Mgonjwa aliyelazwa kwa nusukaputi hasemi, hahofu, hakohoi, na mashine humvutia pumzi. Huyu aliye macho anapumua mwenyewe, anaogopa mwenyewe, anabanwa na mkojo, anawashwa na pua, na juu ya hayo yote asitikisike hata kidogo.

Huku kwetu Masasi na Newala, kupasuliwa mtu akiwa macho si jambo la ajabu hata kidogo. Pwani hii ya kusini ni nchi ya mabusha, na wanaume waliofanyiwa operesheni ya busha au ngiri kwa sindano ya mgongoni wamejaa vijijini. Walilala pale wakisikia vyuma vikigongana, wakisikia daktari akiomba uzi, na miguu yao kama si yao. Akina mama wengi waliojifungua kwa upasuaji wamemsikia mtoto akilia sekunde ile ile anatolewa. Na wazee waliopitia jando la porini enzi zile wanajua zaidi ya hapo: wao walikuwa macho na ganzi haikuwapo, isipokuwa ngoma na aibu ya kulia mbele ya wenzao. Kwa hiyo kinachotushtua si kisu kwa mtu aliye macho. Kinachotushtua ni mahali kinapopita.

Basi hapo ndipo maumbile yalipotuwekea maajabu yake. Ubongo, ambao ndio unaopokea habari ya kila maumivu ya mwili, wenyewe hauna vipokezi vya maumivu. Ukiukata hausemi. Chombo hicho kinachomfanya mtu aruke kwa kuchomwa na mwiba mguuni hakijui kwamba chenyewe kimeguswa. Maumivu yako njiani, kabla ya kuufikia: ngozi ya kichwa, ambayo ina mishipa ya fahamu mingi mno, nyama zilizo pembeni juu ya sikio, utando unaolifunika fuvu, na ule utando mgumu unaoufunga ubongo kama mfuko, hasa mahali unapopita mshipa mkubwa wa damu wa utando huo. Vitu hivyo vikitiwa ganzi sawasawa, mlango umefunguka.

Ganzi ya kichwa ina ufundi wake. Kila upande wa kichwa una mishipa ya fahamu 6 inayoihudumia ngozi: miwili inatokea juu ya jicho, mmoja kwenye panja, mmoja mbele ya sikio, na miwili inapanda kutoka kisogoni. Mtaalamu anaijua njia ya kila mmoja, anaupiga sindano mahali unapochomoza, na kwa pande zote mbili inakuwa sindano 12. Dawa zenyewe ni za jamii ya lignokeini, ile ile anayotumia mng'oa meno, au bupivakeini ambayo hudumu kwa saa nyingi zaidi, zikichanganywa na adrenalini kidogo ili damu isivuje na dawa isipotee upesi. Hapa hesabu ni lazima. Lignokeini pamoja na adrenalini haipaswi kuzidi takriban miligramu 7 kwa kilo ya mwili. Mtu wa kilo 60 kikomo chake ni miligramu 420. Ukivuka, dawa ile ile iliyoondoa maumivu humletea mgonjwa degedege, na bupivakeini ikizidi inaweza kuusimamisha moyo. Ndiyo maana sindano ya ganzi, ambayo wengi huiona kitu kidogo, nayo ni kazi ya mwenye kujua.

Dawa hizi zina historia fupi kuliko mtu anavyodhani. Etha ilionyeshwa hadharani mjini Boston, Marekani, tarehe 16 Oktoba 1846. Ganzi ya kwanza ilikuja mwaka 1884, pale Carl Koller alipoonyesha mjini Vienna kwamba kokeini hulitia jicho ganzi. Lignokeini ilitengenezwa nchini Sweden katika miaka ya 1940. Dakta Leader Stirling, yule Mwingereza aliyefika Masasi mwaka 1935 na kufanya upasuaji kule Lulindi, na ambaye baadaye katika miaka ya 1970 alikuwa Waziri wa Afya wa Tanzania, alianza kazi yake kabla lignokeini haijajulikana duniani.

Hata hivyo, kabla hatujadhani kwamba kufungua kichwa cha mtu aliye macho ni maarifa yaliyoshuka kutoka Ulaya, tutazame jirani zetu. Wakisii, au Abagusii, wa magharibi mwa Kenya walikuwa na mabingwa wao wa kichwa, nao waliitwa ababari, mmoja omobari. Mtu aliyepigwa au kuanguka, akabaki na maumivu ya kichwa yasiyokwisha, alipelekwa kwa omobari. Ngozi ilipasuliwa, fuvu likakwanguliwa na kukatwa pole pole kwa visu na vyuma vidogo, mgonjwa akiwa ameshikwa na ndugu zake, macho wazi. Dawa za miti zilitumika kuzuia damu. Na omobari alikuwa na sheria moja kubwa: ule utando mgumu wa ubongo haukuguswa. Akifika hapo, basi. Madaktari wa kizungu waliokwenda kuyaandika mambo haya, akiwamo Edward Margetts aliyekuwa akifanya kazi Hospitali ya Mathari, Nairobi, katika miaka ya 1950, walikuta watu waliopasuliwa zaidi ya mara moja wakiwa hai na wakitembea. Mimi sisemi turudi huko. Nasema kwamba waganga wale waligundua kwa macho na mikono yao lile tunalolieleza hapa: ngozi huuma, utando ni mpaka, na mtu anaweza kuvumilia yaliyobaki ikiwa amekubali na ameshikwa na watu anaowaamini.

Kule Bunyoro nako, Uganda ya leo, mwaka 1879 daktari Robert Felkin alishuhudia mahali paitwapo Kahura mwanamke akipasuliwa ili mtoto atolewe. Alikuwa amenyweshwa pombe ya ndizi mpaka akalegea, na pombe hiyo hiyo ikatumika kunawia mikono na kuosha tumbo. Mama na mtoto walikuwa hai Felkin alipoondoka. Kulegeza bila kulaza kabisa: hilo nalo tutalikuta tena mbele.

Sasa, kwa nini kumwacha mtu macho wakati nusukaputi ipo na ni salama? Sababu ni ramani. Ubongo wa kila mtu umegawana kazi, sehemu moja ya mkono, nyingine ya mguu, nyingine ya maneno. Lakini mipaka yake haifanani kabisa kati ya mtu na mtu, kama vile mipaka ya mashamba ya mikorosho isivyofanana kati ya kijiji na kijiji. Na uvimbe ukiota, huisukuma mipaka hiyo. Macho ya mpasuaji hayawezi kuona kwamba kipande hiki cha rangi ya kijivu ndicho chenye maneno na kile hakina kitu cha maana.

Aliyeifanya njia hii ijulikane duniani ni Wilder Penfield, bingwa wa Montreal, Canada, ambaye taasisi yake ya ubongo ilifunguliwa mwaka 1934. Wagonjwa wake wengi walikuwa na kifafa kisichosikia dawa. Aliwatia ganzi ya kichwa, akafungua, akagusa uso wa ubongo kwa umeme mdogo mno, kisha akamwuliza mgonjwa anahisi nini. Akigusa hapa, kidole gumba kinacheza. Akigusa pale, mgonjwa anasema ulimi unamwasha. Akigusa mahali pengine, mgonjwa aliyekuwa anahesabu anakatika katikati ya hesabu, na umeme ukiondolewa anaendelea. Penfield aliweka vijikaratasi vyenye namba kila mahali alipopata jibu, na mwisho alikuwa na ramani ya mtu yule mmoja, ya siku ile moja.

Tuchukue mfano wa huku kwetu. Tuseme mchonga vinyago wa Newala, anayekula kwa mkono wake wa kulia, amepatikana na uvimbe upande wa kushoto wa ubongo, karibu na sehemu inayouendesha mkono huo. Akilazwa usingizi mzito, mpasuaji atauondoa uvimbe kwa kukisia, na huenda akawa mwoga akaacha nusu, au akawa jasiri akachukua na kidole. Akiwa macho, anapewa kitu mkononi akigeuze. Kila kinapokatwa kipande, vidole vinaendelea kugeuza. Vikianza kusitasita, kisu kinasimama. Mwezi Januari 2020 Hospitali ya King's College, London, ilifanya hivyo hivyo kwa mwanamke mpiga fidla: alipiga fidla yake mezani wakati uvimbe ukitolewa. Picha zake zilienea duniani kote. Ila katika picha zile watu walimtazama mpigaji na wapasuaji, na sikumsikia hata mmoja akiuliza ni nani aliyemfikisha pale akiwa mtulivu kiasi cha kushika upinde.

Aliyemfikisha ni mtaalamu wa usingizi, na kazi yake ilianza kabla ya siku ya kisu. Humwendea mgonjwa wodini, akaketi. Kwanza anapima kama mtu huyu anafaa. Mtoto mdogo hafai. Mwenye kikohozi kisichokatika hafai, kwani kila kikohozi huusukuma ubongo nje. Mnene anayekoroma na kukatika pumzi usingizini ni wa hatari. Aliyechanganyikiwa, au mwenye kuogopa mno mahali pa kubana, hafai. Kisha anamweleza kila kitu kwa mpangilio, bila kuficha: kichwa chako kitabanwa na chuma chenye ncha tatu ili kisicheze; utasikia keekee ikitoboa, na sauti yake utaisikia ndani ya kichwa chako kama gari linalopita chumbani; utakuwa na mpira wa mkojo kwa sababu tutakupa dawa ya kuupunguza ubongo maji, na dawa hiyo inaleta mkojo mwingi; utakuwa na kiu, nitakulowanisha midomo kwa pamba; nami nitakuwa mbele ya uso wako muda wote. Hilo la mwisho ndilo linaloshikwa na wagonjwa wengi.

Asubuhi yake kuna njia mbalimbali. Wengine humlaza mgonjwa kabisa wakati wa kufungua fuvu, kwa propofoli, dawa nyeupe kama maziwa iliyoanza kutumika katika miaka ya 1980, wakamwamsha ubongo ukiwa wazi, wakamlaza tena wakati wa kufunga. Wengine humlegeza tu, awe kama mtu aliyesinzia kibarazani baada ya chakula cha mchana, anayeitika ukimwita. Dawa iitwayo deksimedetomidini, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 1999, inasifiwa kwa hilo, kwani haimzuii mtu kupumua. Bei yake ni hadithi nyingine. Na wapo madaktari wa Regensburg, Ujerumani, walioandika mwaka 2013 kwamba walifanya upasuaji huu bila kumlegeza mgonjwa kwa dawa yoyote, kwa ganzi nzuri na maneno ya mtu mmoja aliyeketi naye kuanzia mwanzo hadi mwisho. Hiyo njia ya tatu, kwa maoni yangu, itutie fikra sisi tulio mbali na maduka ya dawa za gharama.

Ugumu wenyewe uko hapa, naomba mnisikilize vizuri. Ukimlegeza mtu kupita kiasi, anapumua kidogo. Akipumua kidogo, ile hewa chafu ya kaboni inajaa katika damu. Ikijaa, mishipa ya damu ya ubongo inapanuka, na ubongo unavimba. Katika fuvu lililofungwa hilo ni baya. Katika fuvu lililo wazi, ubongo huanza kuchomoza kwenye dirisha kama unga wa maandazi uliozidi hamira. Basi punguza dawa! Ukipunguza mno, mgonjwa anasikia maumivu au anashikwa na hofu, presha inapanda, damu inavuja, naye anaweza kutaka kuinuka wakati kichwa kimebanwa kwa chuma. Mtaalamu anatembea kati ya mashimo hayo mawili kwa saa nne au tano. Na tofauti na siku nyingine, hawezi kumtia mgonjwa mpira wa pumzi kwa urahisi, maana kichwa hakigeuki, mara nyingi mtu amelazwa ubavu, na shuka zimetanda kila upande. Kwa hiyo tangu mwanzo shuka hupangwa kama hema, uso ubaki wazi upande wake, na chombo cha kuokoa pumzi kiwe karibu na mkono wake.

Aidha, ule umeme wa kutafuta ramani unaweza kuamsha kifafa papo hapo. Dawa yake ya kwanza ni ya kushangaza kwa wepesi wake: maji ya dripu yaliyobaridishwa sana humwagwa juu ya ubongo, na mara nyingi degedege hukatika. Yasipotosha, ndipo propofoli kidogo. Lakini maji hayo lazima yawe yamewekwa katika barafu kabla, na aliyekumbuka kuyaweka ndiye aliyeokoa siku.

Huenda msikilizaji akauliza, je, ketamini, dawa inayotegemewa na hospitali nyingi za wilaya, haitoshi? Ketamini ni rafiki wa kweli wa hospitali zetu. Shirika la Afya Duniani limeiweka katika orodha ya dawa muhimu tangu mwaka 1985, na imeokoa watu wasiohesabika pasipo na umeme wala mashine. Lakini humpeleka mgonjwa katika ndoto za ajabu, na mtu aliye ndotoni hawezi kukuambia picha hii ni ya nini.

Na sasa tumefika kwenye picha. Sehemu za maneno hutafutwa kwa kumwonyesha mgonjwa picha moja baada ya nyingine, kila baada ya sekunde chache, naye ataje. Akishindwa wakati umeme uko mahali fulani, mahali hapo pasikatwe. Hebu fikirini: mzee wa Kitangari anaonyeshwa picha ya mtu wa theluji, au ya kifaa cha jikoni cha Ulaya. Ananyamaza. Mpasuaji anadhani amegusa mlango wa maneno, kumbe mzee hajawahi kuona kitu hicho tangu azaliwe. Picha lazima ziwe za chungu, jembe, mbuzi, kinyago, bibo la korosho, na zijaribiwe naye siku moja kabla, asizozijua zitupwe.

Hilo ni dogo mbele ya suala la lugha. George Ojemann wa Seattle, Marekani, pamoja na mwenzake Whitaker, walichapisha mwaka 1978 kwamba kwa watu wenye lugha mbili, zipo sehemu za ubongo ambazo zikiguswa lugha moja inakatika na nyingine inaendelea. Zipo za pamoja, na zipo za kila lugha peke yake. Maana yake ni nini kwetu? Mtu wa huku ana Kimakonde, Kimakua au Kiyao cha nyumbani kwa mama yake, na Kiswahili cha shule, sokoni na ofisini. Akipimwa kwa Kiswahili peke yake, anaweza kurudi nyumbani akiweza kuuza korosho zake na asiweze kusema na mama yake. Kipimo cha haki kwa mtu kama huyo ni cha lugha zote anazoishi nazo.

Lakini katika chumba kile cha upasuaji Dar es Salaam, nani anasema Kimakonde? Hapo ndipo mtaalamu wa usingizi, kwa kuwa ndiye anayeongea na mgonjwa, anapokuwa pia mkalimani, au mtu wa kumtafuta mkalimani. Pengine yuko muuguzi wa wodi ya pili aliyezaliwa Tandahimba. Mtu huyo akipatikana, avae nguo za chumba cha upasuaji, akae mbele ya uso wa mgonjwa, aanze kwa shikamoo kama ni mzee. Kumwita mzee wa miaka 70 kwa jina lake tupu wakati fuvu lake li wazi ni kumpandisha presha bure. Mwite Babu, mwulize mvua za mwaka huu, mwulize mikorosho imetoa maua. Mazungumzo hayo ni kipimo, kwani neno likianza kuburuta au sentensi ikivunjika kati, aliye karibu ndiye anayesikia kwanza na kuinua mkono.

Tuyalete nyumbani zaidi. Upasuaji wa uvimbe kwa ramani ya maneno ni wa vituo vikubwa, na kwa nchi yetu kazi ya ubongo na mishipa ya fahamu kwa miaka mingi imekuwa mikononi mwa Taasisi ya Mifupa Muhimbili, MOI, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1996. Kutoka Masasi hadi huko ni karibu kilometa 600. Tangu Daraja la Mkapa lilipofunguliwa juu ya mto Rufiji mwaka 2003, angalau hatusubiri tena pantoni na mgonjwa. Lakini upo upasuaji mwingine wa kichwa kwa mtu aliye macho ambao ni mfupi, hauhitaji ramani, na unawahusu wazee wetu wengi kuliko uvimbe.

Mzee amejigonga kichwa. Tawi la mkorosho limemwangukia, au amerushwa na bodaboda, au ameteleza tu kisimani. Hakuzimia. Amepakwa dawa ya kidonda, mambo yamekwisha. Baada ya wiki tatu au hata mwezi anaanza kuumwa kichwa, anasahau, mguu mmoja unaburuta, anasinzia mchana, anaongea maneno yasiyoeleweka. Ubongo wa mzee umesinyaa kidogo kwa umri, mishipa midogo kati yake na utando imevutika kama kamba, mmoja umekatika, na damu imekuwa ikichuruzika pole pole na kukaa pale. Nyumbani watasema ni uzee. Jirani atasema amerogwa. Kumbe ni damu, na mara nyingi hutolewa kwa tundu moja au mawili yenye upana wa kidole, chini ya ganzi, mgonjwa akiongea. Inatoka nyeusi kama oili chafu ya gari. Wapo wanaosogeza mguu wao uliolala kabla hawajashuka mezani.

Kwa wazee kama hao ganzi ina faida kubwa, kwa kuwa moyo na mapafu yao hayalipendi usingizi mzito, na hakihitajiki kitanda cha mahututi chenye mashine ya kupumulia. Hoja hiyo imetolewa pia kuhusu upasuaji wa uvimbe: mgonjwa aliye macho huenda nyumbani mapema na kutumia vifaa vichache, kwa hiyo njia hii inazifaa nchi maskini. Naikubali nusu. Vifaa vinapungua, kweli. Lakini tumeona kwamba ujuzi wa mtu aliyeketi kichwani pa mgonjwa haupungui, unaongezeka, na mtu huyo ndiye tuliyepungukiwa naye zaidi. Shirikisho la dunia la wataalamu wa usingizi linapendekeza angalau madaktari 5 wa usingizi kwa kila watu 100,000. Katika hesabu ya dunia iliyochapishwa mwaka 2017, Tanzania haikufikia hata 1. Mkoa wa Mtwara ulikuwa na watu zaidi ya milioni 1.6 katika sensa ya 2022. Kwa kipimo hicho ungehitaji madaktari wa aina hiyo wapatao 80. Katika nchi yetu kazi hiyo imebebwa kwa sehemu kubwa na wauguzi na maofisa tabibu waliosomea usingizi kwa muda mfupi, ambao majina yao hayasomwi kwenye sherehe za kukabidhi mashine mpya. Mbunge akija, huonyeshwa mashine.

Kwa hiyo mwenye mzee wa namna niliyoieleza asikae naye nyumbani. Ampeleke Mkomaindo, Ndanda, Newala au popote palipo karibu, aeleze kwamba mzee alijigonga kichwa hata kama ni mwezi mmoja uliopita, maana daktari asipoambiwa hawezi kulijua hilo kwa kumtazama. Na aulize kipimo cha CT kinapatikana wapi, Ligula au Hospitali ya Kanda ya Kusini kule Mtwara. Mzee akipewa rufaa na kuambiwa atapasuliwa akiwa macho, amwombe mtaalamu wa usingizi aje wodini mapema, waonane uso kwa uso. Amweleze dawa anazokunywa mzee, za presha na hasa zile za kuyeyusha damu, na miti shamba pia bila kuona haya. Amweleze kama mzee anakohoa usiku, kama anakoroma, kama sikio moja halisikii, na ni lugha gani anayoisema akiota ndoto.